Mchagua Jembe Naye Ana Haki: Kununua Kipakatalishi cha Kazi na Safari



Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Waliwasema wale watafutao visingizio: shamba limeota magugu, naye mwenyewe yungali mlangoni mwa duka akilinganisha mipini. Hatuna nia ya kushindana na wahenga. Lakini zamani jembe la mtu likivunjika, jirani alimwazima lake, na mhunzi alikuwa hatua chache tu. Zana za kazi za leo si hivyo. Kipakatalishi, au laptopu kama wasemavyo vijana, mtu hukinunua mara moja kwa miaka minne au mitano, kwa fedha ambazo aghalabu ni akiba ya nyumba nzima, na akinunua kibovu hana wa kumwazima. Basi wiki hii tunaomba ruhusa ya wahenga ili tuchague jembe.

Kilichotusukuma ni barua ya dada yetu mmoja wa hapa Mombasa. Binti yake amepata kazi ya uhasibu kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mwajiri amemtaka aje na kompyuta yake mwenyewe. Kazi yenyewe ni ya kutwa njiani: kukagua hesabu za matawi ya Kilifi, Malindi na Lamu, na mara mojamoja kupanda kwenda Nairobi. Dada yetu ni mjane. Zamu yake katika mchezo wa akina mama itafika mwisho wa mwezi, na kitakachopungua yuko tayari kukijaza kwa kuuza kikuku cha dhahabu alichoachiwa na marehemu mamake. Duka moja limemwonyesha mashine mpya, ingali sandukuni, yenye kioo kikubwa cha kupendeza. Duka la pili limemwonyesha mashine iliyokwisha tumika, ya zile ziitwazo "ex-UK", ndogo, nyeusi, imechubuka pembeni, kwa bei isiyopishana sana na ile mpya. Mjomba anasema kipya ni kipya. Fundi wa mtaani anasema kilichotumika ndicho mashine. Dada yetu anauliza: amwamini nani?

Tunamjibu hapa, si kwa faragha, kwa kuwa tunajua swali hili limo katika nyumba nyingi.

Kazi kwanza, kifaa baadaye

Swali la kwanza si "kipi kizuri?" bali "kitafanya nini?" Binti yetu atafungua majedwali ya hesabu, ataandika ripoti, atatuma barua pepe, na pengine atahudhuria mikutano ya video. Kazi hizi hazihitaji mashine ya wachezaji michezo wala ya wahariri wa filamu. Mashine hizo ni nzito, zina joto, hunywa umeme kama ngamia aliyetoka jangwani, na mnunuzi hulipia nguvu asizozitumia. Lakini kazi hizo hizo, zikifunguliwa pamoja zote, huilemea mashine dhaifu hata ikaganda katikati ya hesabu. Kwa hivyo anachohitaji ni cha wastani, lakini wastani wa kweli.

Akishajua kazi, na aitazame njia. Mwenye kukaa ofisini hununua kioo kikubwa na uzito haumhusu. Msafiri ni mwingine. Mwaka 1981 ilitoka kompyuta iliyoitwa Osborne 1, ikasifiwa kuwa ni ya kubebwa. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 11 na kioo chake kilikuwa inchi 5. Leo twacheka, lakini bado wako wanaonunua mzigo kisha wakauita kipakatalishi. Jina lenyewe latufunza: kifaa hiki ni cha kupakatwa, kama mtoto. Mashine ya inchi 15.6 aghalabu huwa karibu na kilo mbili, bado hujaongeza chaja. Ya inchi 13 au 14 aghalabu huwa kati ya kilo moja na robo na kilo moja na nusu. Tofauti hiyo si kitu mezani dukani. Ni kitu kikubwa kwa binti aliyeshuka basi Mokowe, ana mkoba begani, anaingia mashuani kuvuka kwenda Amu.

Kioo nacho kina siri. Wengi hupima ukubwa wakasahau mwangaza, ambao hupimwa kwa kipimo kiitwacho niti. Kioo cha niti 250 chatosha chumbani, lakini barazani kwetu, penye mwanga wa Pwani, utajiona uso wako badala ya hesabu zako. Niti 300 na zaidi ni afadhali, na kioo kisichong'aa kama kigae humfaa msafiri kuliko kile kiakisicho kila dirisha.

Majina yaliyo kwenye kibandiko

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji husema, "Hii ni Core i5," na mnunuzi huridhika kana kwamba ametajiwa nasaba. Lakini Core i5 ni jina la ukoo, si la mtu. Zimetengenezwa kwa miaka mingi, vizazi kwa vizazi, na kizazi hujulikana kwa tarakimu zifuatazo jina. Prosesa iandikwayo i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Iandikwayo i5-8350U ni ya kizazi cha 8. Iandikwayo i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Herufi U mwishoni hujulisha kwamba prosesa ni ya kutumia umeme mchache, nayo humfaa msafiri. Herufi H hujulisha nguvu zaidi, na joto zaidi pia.

Kwa nini kizazi kiwe na uzito hivi? Kwa sababu kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye programu hiyo haizimiki, ila haipati tena marekebisho ya usalama bila ya mpango wa ziada wenye muda wake na masharti yake. Ni nyumba ambayo kitasa chake kikiharibika hakuna fundi wa kuja. Na Windows 11, kwa upande wa prosesa za Intel, huzikubali rasmi zile za kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache mno. Kwa hivyo ile i5 ya kizazi cha 6 iliyopambwa dukani, hata ikiwa safi kama yai, mlango wake umeshaanza kufungwa. Wako mafundi wanaoilazimisha Windows 11 iingie katika mashine zisizokubaliwa. Hiyo si njia ya kumshauri mtu atakayebeba hesabu za watu.

Kisha kuna kumbukumbu ya kazi, ile iandikwayo RAM. Ifikirieni kama meza ya fundi cherehani: meza ikiwa ndogo, kila akitaka kitambaa kingine hana budi akunje cha kwanza. Gigabaiti 4 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na Windows 11, na cha chini kabisa maana yake ni kuwaka tu, si kufanya kazi kwa raha. Gigabaiti 8 ndizo tunazozishauri kwa kazi ya hesabu, na 16 kwa mwenye uwezo.

Mwisho ni ghala, yaani diski. Ya kizamani ina sahani izungukayo ndani yake na sindano iisomayo. Ikitikiswa sana ikiwa yazunguka, yaweza kukwaruzika. Ya kisasa, SSD, haina kizungukacho. Kwa mtu wa matatu, mashua na barabara zenye mashimo, SSD si anasa, ni lazima. Gigabaiti 256 zamtosha mhasibu. Tena tahadhari: mashine nyingi mpya za bei ya chini huja na ghala la gigabaiti 64 lililogandishwa kwenye bodi, halibadilishwi wala haliongezwi, na Windows 11 yenyewe huhitaji 64 hizo kuwa ndicho kiwango chake cha chini. Mwenye nyumba hiyo amejaza samani sebuleni kabla hajaingia yeye.

Betri, umeme na hewa ya bahari

Betri hupimwa kwa wati-saa. Hesabu yake ni nyepesi: mashine yenye betri ya wati-saa 50, ikitumia wati 8 kwa kazi za kawaida, itadumu saa sita na dakika chache. Betri hiyo hiyo ikichakaa ikabaki na asilimia 60 ya uwezo wake, imebaki na wati-saa 30, na saa zimeshuka hadi chini ya nne. Kila betri huchakaa. Suala ni imefika wapi. Katika Windows kuna amri ya kuandika kwenye dirisha la amri, powercfg /batteryreport, ambayo hutoa ripoti ya betri bila malipo. Humo mna uwezo iliyozaliwa nao na uwezo iliyo nao sasa. Ukigawanya cha pili kwa cha kwanza umeijua afya yake. Ikiwa juu ya asilimia 80, mshukuru Mola. Ikiwa chini ya 60, ipunguzwe katika bei gharama ya betri mpya.

Chaja za siku hizi karibu zote hukubali umeme wa volti 100 hadi 240. Maneno hayo yameandikwa juu yake kwa herufi ndogo, na ni vyema kuyasoma. Plagi yetu ya pini tatu za mraba ndiyo ya Uingereza, na ndiyo utakayoikuta Oman na Imarati pia, hivyo msafiri wa huko hahitaji adapta. Mashine inayochajiwa kwa tundu la USB-C ina fadhila nyingine: chaja ikipotea njiani, ya mwenzako yaweza kukusitiri, ilimradi ina wati za kutosha, mfano 65.

Apandaye ndege aiweke mashine katika mkoba wa mkononi. Betri isiyozidi wati-saa 100 huruhusiwa bila kuomba idhini, na vipakatalishi vingi vimo ndani ya kiwango hicho. Betri za akiba na "power bank" haziwekwi kamwe katika mizigo ya chini.

Kuhusu hewa yetu, sote tunajua inavyowafanyia vyuma vya madirisha. Chumvi na unyevu huingia pia katika matundu ya mashine. Isiachwe usiku kucha dirisha likiwa wazi upande wa bahari. Katika mashua ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, ikiwa imezimwa na imepoa. Na atokaye katika chumba chenye baridi ya kiyoyozi kuingia katika joto la nje aipe muda kidogo kabla ya kuifungua, kwani unyevu hutanda juu ya kilicho baridi.

Kukagua mezani

Sasa tuje kwenye kipya na kilichotumika. Mashine nyingi za "ex-UK" zilikuwa za maofisi ya ng'ambo: Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, HP EliteBook na jamaa zao. Ziliundwa kwa watumishi wasafirio, zina bawaba imara, kibodi nzuri, na nyingi zafunguliwa na fundi zikabadilishwa betri au diski. Ndiyo maana mashine ya ofisi iliyotumika miaka mitatu au minne yaweza kuishinda mpya iliyoundwa ili iwe rahisi tu. Lakini si kila kilichotoka ng'ambo ni kizuri. Vingine vimetoka huko kwa sababu vimeshindikana.

Kwa hivyo asilipe mtu kabla ya kuketi na mashine kwa muda wa nusu saa. Na afanye haya. Afungue ukurasa mweupe kioo kizima, atafute mistari na madoa. Abonyeze kila herufi ya kibodi, na aangalie mpangilio wake, kwani mashine zilizotoka Ujerumani au Ufaransa zina herufi zilizopangwa vingine. Anayetaka kuandika Kiarabu asidanganywe kulipia zaidi. Lugha hiyo huongezwa katika mipangilio bila malipo, na vibandiko vya herufi vyauzwa. Ajaribu kamera, kinasa sauti, intaneti ya Wi-Fi na kila tundu. Aifungue na kuifunga mara kadhaa asikilize bawaba. Aiache ikifanya kazi dakika 20 bila chaja, kisha aguse chini yake na atazame betri imeshuka kiasi gani.

Lililo kubwa kuliko yote: aombe mashine ifutwe na kuanzishwa upya mbele ya macho yake, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Mashine ambayo bado imesajiliwa kwa kampuni fulani itadai nywila ya kampuni hiyo mwanzoni kabisa. Ikidai, asimame aondoke, hata ikipunguzwa bei nusu. Vilevile ikiwa kuna nywila inayozuia kuingia katika mipangilio ya ndani kabisa ya mashine na muuzaji haijui. Na wanunuao MacBook wahakikishe akaunti ya mwenye kwanza imeondolewa. Huenda mashine hiyo imeibwa, huenda haikuibwa. Mnunuzi hana sababu ya kulipia fumbo. Adai stakabadhi yenye namba ya mashine, na dhamana iliyoandikwa, si ya mdomo.

Na wauzaji wetu, ambao wengi ni wasomaji wa ukurasa huu, tunawakumbusha neno wanalolijua. Muuzaji aijuaye aibu ya bidhaa akainyamaza amekula kisicho chake. Kusema "betri hii imechoka, nimepunguza kiasi hiki" hakumfukuzi mteja; humfanya arudi na ndugu zake.

Fedha na amana

Dada yetu, tunarudi kwako. Ile mpya uliyoonyeshwa, kwa maelezo uliyotuandikia, ina gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za ghala. Kwa kazi ya binti yako haifai, hata kama ingetolewa kwa nusu ya bei hiyo. Upya wake ni wa sanduku. Ile iliyotumika hukutuandikia tarakimu zake, na hapo ndipo jibu lilipo. Mtume binti mwenyewe akasome. Ikiwa ni kizazi cha 8 au zaidi, ina gigabaiti 8, ina SSD, betri yake yafika asilimia 70 au 80 na imefutwa mbele yake bila kudai nywila ya mtu, basi fundi wa mtaani amesema kweli. Ikikosa kizazi, iachwe. Ikikosa kumbukumbu au SSD tu, iulizwe gharama ya kuongeza, kwani mashine nyingine nyembamba kumbukumbu yake haiongezeki.

Ama kikuku, tunakusihi kisitoke mkononi kwa haraka. Mkataba wa binti ni wa mwaka mmoja. Kikuku kimevuka kizazi. Kabla ya kukipeleka kwa sonara, kuna milango mitatu ya kubisha. Wa kwanza ni mwajiri: binti amuulize kwa adabu kama kampuni yaweza kumpa mashine, au posho ya kutumia yake. Kuuliza si ujinga, na wengi hawapewi kwa kuwa hawakuomba. Wa pili ni bei yenyewe: kilichotumika kina mapatano, na betri iliyochoka ni hoja mkononi mwa mnunuzi. Wa tatu ni jamaa: mjomba aliyeshika upande wa kipya na akopeshe kilichopungua, mkopo mwema usio na ziada, binti aulipe kidogo kidogo kwa mshahara, na uandikwe mbele ya mashahidi. Hilo ni bora kuliko mikopo ya simu ambayo huanza kwa wepesi na kuishia kwa riba na usingizi uliopotea.

Na zibakishwe fedha kidogo za vitu viwili: mkoba wenye godoro ndani, na diski ya nje ya kuwekea nakala. Binti atabeba hesabu za watu, nazo ni amana. Mashine ikianguka majini, mashine hununuliwa nyingine. Hesabu za mwaka mzima hazinunuliwi. Kila Ijumaa kabla ya sala anakili kazi ya wiki katika diski hiyo, na diski ibaki nyumbani, isisafiri mkoba mmoja na mashine. Aweke nywila nzuri, na kufuli ya diski ikiwa mashine inayo, ili mwizi akipata chuma asipate siri. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yamhusu kila anayeshika taarifa za watu, na yeye sasa ni mmoja wao.

Wazee wa mashua hawakutweka tanga kabla ya kulikagua ufukweni, shono kwa shono, na hakuna aliyewaita wavivu. Nusu saa ya kukagua dukani ni katika jambo hilo hilo. Tunamwombea binti yetu kazi yenye kheri na safari za salama, yeye na kila kijana wetu aliye njiani kutafuta riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq.